Maziwa Juu ya Maharage

Kibuyu hakuna aliyekitaka. Siku ya arobaini ya Baba, tulipokuwa tukigawana vitu vyake, wadogo zangu walichukua redio, baiskeli na koti la mvua, na Butoyi, mkubwa wao, akachukua kiti cha kukunja ambacho Baba alikuwa akikalia jioni. Kibuyu kilibaki kikining'inia ukutani kwa kamba yake ya katani, cheusi kwa moshi, na mke wa Butoyi akauliza kama akitupe. Nikasema hapana, nipeni mimi. Nilipokizibua harufu ikanipanda puani: moshi wa nyasi, samli iliyochacha, na chini kabisa harufu ya zizi asubuhi. Kilikuwa hakijatiwa maziwa kwa zaidi ya miaka ishirini. Nikatoka nacho nje, nikaketi kivulini nikiwa nimekipakata, na ikanirudia jioni ile niliyomuua ng'ombe wetu, au niliyodhani nimemuua.

Ninyi wa rika langu hamhitaji kuambiwa miaka ile ilikuwaje. Sukari tulikuwa tunaisikia kwenye mazungumzo ya wakubwa. Nguo tulifulia majani ya mpapai. Mafuta ya taa yalipokosekana tulikula kabla jua halijazama, na jua likizama tulilala, tutake tusitake. Malori ya jeshi yalikuwa yakipita barabarani kwenda kaskazini, nasi watoto tuliyapungia mikono mpaka vumbi lituzibe macho.

Kijiji chetu kilikuwa cha ujamaa, upande wa Nemba, nyumba zimepangwa mstari kama wanafunzi wa paredi. Hatukuwa wenyeji pale. Baba na Mama walitoka Murukulazo kule Ngara, wakaja na mimi na ng'ombe mmoja jike, Bihogo, aliyeitwa hivyo kwa rangi yake ya kahawia iliyokolea. Babu alimpa Baba ng'ombe huyo alipooa. Baba alimvusha porini usiku, kwa sababu mbung'o huuma mchana, na ndiyo maana alifika mzima.

Majirani zetu, ambao kuku wao na wetu walikuwa hawajui mpaka, walikuwa Wasukuma kutoka upande wa Shinyanga: Baba Kulwa, Mama Kulwa na mapacha wao wa kike, Kulwa na Doto, niliosoma nao darasa moja. Wao walikuja na ng'ombe kumi na mmoja. Waliambiwa wafanye haraka, wakavuka pori mchana, wakafika na ng'ombe wawili, na hao wawili wakafa kabla nyumba haijaezekwa. Baba Kulwa alikuwa akisema mwenyewe, akicheka, kwamba Msukuma asiye na ng'ombe ni kama padri asiye na kanzu. Alicheka, lakini kila alipompita Bihogo alisimama, akamkuna chini ya shingo, akamsemesha Kisukuma kwa sauti ya chini. Bihogo alikuwa anamwelewa, nadhani, maana alikuwa anafumba macho.

Urafiki wa mama zetu uliletwa na mapacha. Mama alipojifungua, majina yalikuwa yakiwasubiri watoto kama ilivyo kwetu, Bukuru wa kwanza na Butoyi wa pili. Mama Kulwa alikuja na nyimbo zao za mapacha, akaimba mlangoni mpaka Mama akacheka kitandani. Bukuru aliishi wiki tatu. Siku alipozikwa Mama Kulwa alikuja tena, safari hii bila wimbo, akakaa kwetu siku nne akipika, akifua, akimshika Mama mkono. Baada ya hapo maziwa ya Mama yakakata. Butoyi akawa anaishi kwa maziwa ya Bihogo, yaliyochemshwa na kupozwa, na kazi ya kumnywesha kwa kikombe ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka tisa au kumi, na niliijua kazi hiyo vizuri kuliko hesabu za shule: Bihogo akikauka, mdogo wangu hana kingine.

Sasa niseme jambo ambalo nyumbani kwetu halikuhitaji kusemwa. Maziwa na maharage havikutani tumboni. Aliyekula maharage anasubiri mpaka kesho yake ndipo anywe maziwa. Asiposubiri, haumwi yeye. Angeumwa yeye lingekuwa jambo dogo. Anayeumia ni ng'ombe aliyetoa maziwa hayo: chuchu zinapasuka, maziwa yanatoka na damu, kisha anakauka. Bibi alinifundisha hilo kabla sijajua kufunga kanga. Sikuwahi kuuliza kwa nini, mimi niliyeuliza kwa nini kuhusu kila kitu mpaka Baba akanipa jina la Wakili.

Basi, vita vya kule kaskazini vikawa vikubwa, na siku moja majina ya mgambo yakasomwa mbele ya ofisi ya kijiji. La Baba Kulwa likasomwa. La Baba halikusomwa, kwa sababu jicho lake la kushoto lilikuwa na ukungu na la kulia lilikuwa likilifuata polepole. Baba alirudi nyumbani akakaa akinoa panga ambalo halikuwa butu. Kisha akamwambia Mama, "Ijumaa waje ware kwetu. Wote. Jumamosi rori rinamchukua."

Baba alikuwa na r nyingi kuliko alizohitaji, na Baba Kulwa hakuwa nayo hata moja. Mimi na mapacha tulikuwa tukiwaigiza nyuma ya nyumba mpaka mbavu zituume.

Kuku wetu wa mwisho alikuwa amechukuliwa na kicheche wiki ile ile, kwa hiyo Mama akapika maharage. Msifikiri ni maharage ya kawaida. Aliyachagua moja moja tangu Alhamisi, akayatia mawese ambayo mtu alituletea kutoka Kakonko na chumvi kutoka kwenye kifurushi kilichokuwa kimefichwa ndani ya mto wa Baba, akayaacha yajipikie taratibu mpaka mchuzi ukawa mzito na mwekundu. Ugali ulikuwa wa muhogo. Nilifagia uwanja mara mbili. Mama alivaa kitenge chake cha kanisani.

Walikuja jua likiwa bado juu ya miti. Tukawaamkia wakubwa, shikamoo na marahaba zikazunguka pande zote.

"Karibuni sana, tafadhari mketi," Baba akasema.

"Tumekalibia, ndugu yangu," akajibu Baba Kulwa. "Halufu imetuita tangu mchana."

Wanaume waliketi kwenye meza ambayo Baba aliiunda kwa mbao za sanduku, na sisi wanawake na watoto tukakaa mkekani karibu na mlango, chumba kikiwa kimoja tu. Hakuna aliyetaja vita. Baba Kulwa alisimulia juu ya fisi aliyeingia kanisani kwao, Mama Kulwa akamkatiza kila sentensi kusahihisha, na Baba akacheka mpaka akafuta lile jicho lake. Nilifikiri hakuna nyumba yenye raha kuliko yetu, na nilikuwa sawa.

Halafu Butoyi akalia. Nikainuka, nikamimina maziwa yake kikombeni, nikaanza kumnywesha. Baba Kulwa akageuka kwenye stuli yake, akatazama kikombe.

"Hayo ya Bihogo?"

"Ndiyo, baba."

"Tangu tuvuke poli lile sijaweka maziwa mdomoni," akasema, na kwa mara ya kwanza jioni ile hakuwa akicheka. "Mwanangu, kama yamebaki kidogo, niletee."

Hapa ndipo kosa langu lilipo. Kwetu mgeni anayeomba maziwa huku maharage yako mbele yake anaomba ya kubeba, ayanywe kesho. Haiwezekani awe anaomba kitu kingine. Nikaona ni vizuri sana: anataka maziwa ya safari, atayanywa kwenye lori. Mama alikuwa ameinama akimpakulia Doto, hakuniona. Nikamlaza Butoyi mkekani, nikaenda ukutani, nikaangua kibuyu chenye maziwa yote ya jioni, nikapiga magoti na kumpa kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa.

Baba Kulwa alikizibua, akakinusa akiwa amefumba macho. Kisha akainamisha kibuyu, akamimina maziwa juu ya maharage.

Sikuwahi kuona kitu kama kile. Weupe ulienea juu ya mawese, ukachanganyika, sahani nzima ikawa na rangi ya ufizi. Akakoroga kwa tonge, akala, akala tena. Mama alikuwa ameshika mwiko hewani na mchuzi ulikuwa ukimdondokea kwenye kitenge chake cha kanisani. Nilimsikia Bihogo akicheua nje, nikataka kwenda kumziba masikio.

Mama Kulwa ndiye aliyekishtukia kile kimya. Akatutazama mmoja mmoja. Mumewe naye akainua kichwa, tonge likiwa limesimama katikati ya sahani na mdomo.

"Kuna kitu nimekosea?" akauliza.

Nilikuwa namtazama usoni. Furaha ilikuwa imeanza kumtoka. Alitazama sahani, akatazama kibuyu, akatazama kikombe cha Butoyi, na nadhani alidhani ameyamaliza maziwa ya mtoto.

"Umekosea kweri," Baba akasema. "Umejimiminia peke yako, mwenye nyumba umemsahau."

Akachukua kibuyu, akamimina juu ya maharage yake, mengi, mpaka yakafika ukingoni mwa sahani. Akakata tonge, akachovya, akala. Alikula upesi upesi kama mtu anayekula kitu cha moto, bila kusimama, mpaka sahani ikabaki nyeupe. Baba Kulwa akaangua kicheko kikubwa cha mtu aliyetua mzigo. "Wabeja sana," akashukuru kwa Kisukuma, "wabeja, ndugu yangu. Hii nitaikumbuka huko." Wakakimaliza kibuyu wao wawili.

Mama aliinuka akasema anakwenda kuangalia moto. Moto ulikuwa umezimwa kitambo. Nikamfuata, nikamkuta amesimama kando ya zizi, mkono mdomoni, anamtazama Bihogo. Aliponiona hakunigombeza. Alifuta uso kwa kona ya kitenge, akarudi ndani, nikamsikia akisema, "Karibuni, ongezeni mchuzi."

Asubuhi lori likaja likamchukua Baba Kulwa na wenzake. Tuliwapungia. Mimi nilikuwa napunga huku nawaza chuchu.

Nilikuwa na fumbo kubwa kuliko kichwa changu. Baba ndiye mtu aliyejua mambo nyumbani kwetu. Alisoma mpaka darasa la nne na alikuwa akimsomea mwenyekiti barua. Kama Baba alikula, basi alijua kitu ambacho Bibi hakukijua. Alijua ni uongo. Lakini kama ni uongo, mbona Mama alisimama kule nje vile? Na kama ni kweli, mimi ndiye niliyebeba kibuyu. Hakuna aliyenilaumu hata kwa jicho, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi.

Nikaamua kuchunguza. Nilichukua msumari, nikakwaruza alama ndani ya sufuria ya kukamulia, pale maziwa yalipofika Jumamosi asubuhi. Jumapili yalikuwa chini ya alama kwa upana wa kidole. Jumatatu vidole viwili. Butoyi akamaliza kikombe chake, akanitazama akingoja kingine, na kingine hakikuwepo. Nilimpa uji mwembamba, akautema, akalia kilio kile cha kukwaruza kama cha Bukuru siku zake za mwisho. Niliogopa, nawaambia ukweli. Nilimbeba mgongoni, nikazunguka naye uwanjani nikimwomba msamaha.

Shuleni nilimvuta Kulwa pembeni. Sikutaka ajue ninachokitafuta, kwa hiyo nilikwenda kwa kuzunguka.

"Nyie kwenu mnakula maharage na maziwa?"

"Kila siku. Kwa babu tulikuwa tunatia na kwenye mlenda."

"Na ng'ombe wenu hawakuwa na shida?"

"Walikuwa wazuri sana."

"Walikufa na nini?"

"Mbung'o. Si unajua?"

Nilijua. Lakini siku ile nilimtazama Kulwa kwa huruma kubwa, maana nilikuwa nimeshajumlisha. Walikula maharage na maziwa kila siku. Ng'ombe kumi na mmoja wakafa wote. Mbung'o ilikuwa ni kitu walichoambiwa watoto. Nilirudi nyumbani mbio.

Tangu siku hiyo niliamka kabla ya wote, nikachuchumaa chini ya Bihogo kumkagua chuchu zake nne, moja moja, nikitafuta mpasuko. Asubuhi ya pili alinipiga teke. Kovu lipo hadi leo juu ya nyusi yangu ya kulia. Niliposhika uso damu ikachuruzika, na nilipogeuka nikamwona Baba amesimama pale pale zizini. Alikuwa amefika kabla yangu, kumbe. Alikuwa amekaa gizani juu ya gogo.

Alinifuta damu kwa pindo la shati lake. "Urikuwa unatafuta nini huko chini, Wakiri?"

"Mpasuko."

Nilidhani atanicheka au atanichapa.

"Umeuona?"

"Sijauona."

"Chuchu zote nne?"

"Ya nyuma sijaimaliza."

"Angaria tena," akasema. "Taratibu. Macho yako ni mazuri kuriko yangu." Akamshika Bihogo miguu ya nyuma ili asinipige, nami nikaangalia tena. Hapakuwa na mpasuko. "Basi," akasema, akashusha pumzi. "Na kesho tuangarie."

Tukaangalia kesho yake, na kesho kutwa. Ikawa kazi yetu sisi wawili. Baba alishika miguu, mimi nikatazama, nikatoa taarifa, naye akarudia kila nilichosema kama mtu anayekariri. Nilijisikia mtu mkubwa. Nilielewa, au nilidhani nimeelewa, kwamba Baba alikuwa akinifundisha kitu: kwamba neno la bibi haliaminiwi wala halikataliwi, linakwenda kuchuchumaliwa na kutazamwa. Siku ya sita maziwa yakarudi kwenye alama ya msumari. Siku ya nane yakaivuka. Butoyi akaanza tena kupata kikombe cha pili, akanenepa mpaka Mama Kulwa akamwita gunia.

Nakumbuka pia kwamba wiki zile chakula chetu hakikuwa na chumvi. Tulikula maharage ya chukuchuku mpaka ulimi ukasahau. Nilisema ni vita.

Baba Kulwa alirudi baada ya miezi mingi, amekonda, amevaa koti kubwa la kijani ambalo mikono yake ilimfunika vidole. Mama akapika. Safari hii Mama mwenyewe, baada ya kuvuta pumzi kama mtu anayetaka kuruka mtaro, akamuuliza kama amletee maziwa. Mimi niliacha kutafuna.

"Hapana, shemeji," akasema, akijishika tumbo. "Tumbo langu limehalibika huko. Siwezi tena."

Nilimhurumia. Mtu aliyeyapenda maziwa vile, vita vikamnyang'anya. Na haikuwa siku moja. Miaka yote, hata alipopata ng'ombe wake tena, akila kwetu alifunika kikombe kwa kiganja na kusema tumbo, tumbo. Nilipokuwa sekondari nilimwambia huenda ni amiba, aende hospitali ya Biharamulo akapimwe. Alinishukuru sana.

Mimi nikawa mwalimu wa baiolojia. Likizo moja, kabla macho ya Baba hayajafunga kabisa, tulikuwa tumekaa nje nikamwambia kile nilichokuwa nikiwaambia wanafunzi wangu kila mwaka: mwalimu wangu wa kwanza wa sayansi alikuwa baba yangu, aliyekula maziwa juu ya maharage mbele ya watu wote kwa sababu hakuamini miiko, kisha akanifundisha kuchunguza kwa macho yangu.

Baba alinigeuzia uso. "Nani arikwambia sikuamini?"

Nikadhani ananitania.

"Niriamini kabisa," akasema. "Hata sasa. Kire chakura kirinipita kooni kama changarawe. Usiku ure na siku zire zote nirikuwa narara zizini. Nirikwambia uangarie kwa sababu mimi nirikuwa sioni, na mama yako arikuwa haniongereshi. Ire chumvi yake yote turimrambisha Bihogo."

"Sasa kwa nini ulikula? Na Butoyi je?"

"Jina rake ririsomwa, rangu harikusomwa," akasema. "Mtu anapanda rori kesho anakwenda kufa, hujui. Ningemwacha aondoke na aibu ya nyumbani kwangu? Butoyi nirimwachia Mungu. Kama angekufa nisingejisamehe. Rakini rire tonge ririkuwa rimesimama pare, hebu niambie ningefanya nini."

Nikamuuliza kama alipata kumwambia Baba Kulwa.

"Nimwambie iri iweje? Na wewe usimwambie."

Nikaahidi, nikatunza ahadi hiyo mpaka siku ya arobaini, nilipokuwa nimekaa kivulini na kibuyu mapajani.

Baba Kulwa alikuwapo siku hiyo. Alikuja kwa fimbo, Doto akimshika mkono. Kulwa ameolewa Geita. Walimweka kwenye kiti karibu nami, wakamletea ugali na maharage, na mjukuu wetu mmoja asiyejua lolote akamletea kikombe cha maziwa ya ng'ombe wa Butoyi. Maana vijana wa siku hizi nyumbani kwetu wanakula vyote pamoja, na ng'ombe wanakamuliwa kama kawaida. Baba Kulwa akafunika kikombe kwa kiganja.

Nikasema, kwa utani tu, kwa sababu siku ilikuwa nzito, "Baba, hilo tumbo la vita halijapona hadi leo?"

Hakucheka. Alikuwa akikitazama kibuyu.

"Tulikuwa na kijana wa Ngala kule," akasema. "Jioni moja tulipewa maziwa na watu wa kijiji, na sisi tumeshakula mahalage. Wote tukanywa. Yeye akakataa, na njaa yote ile. Nikamuuliza, wewe vipi? Akanieleza." Akaonyesha kibuyu kwa kidole. "Nikakumbuka sahani ya baba yako. Nikakumbuka mama yako na ule mwiko. Nikakumbuka kale katoto kanaishi kwa ng'ombe mmoja. Nililia, mwanangu. Wenzangu wakadhani nimepata habali ya msiba."

Nilikaza mikono kwenye kibuyu. "Hukumwambia Baba?"

"Ningemwambia, angejua ile aibu ilinipata. Alikula vile isinipate." Akasukuma kikombe pembeni, taratibu, asikimwage. "Nikasema kitu ninachoweza kumfanyia ni kimoja tu. Katika nyumba yake sitakunywa maziwa juu ya mahalage mpaka nife. Tumbo langu ni zima kabisa."

Miaka ile yote walikuwa wakiketi pamoja, karibu kila Jumapili, kila mmoja akimfichia mwenzake jambo lile lile. Nililia pale, mbele ya wajukuu, na wao wakadhani nalilia kugawana vitu.

Jioni nilichemsha maji, nikakiosha kibuyu mara nne, nikawasha nyasi na kukifukiza kama Mama alivyokuwa akifanya. Nilimwambia Doto wasiondoke, walale. Asubuhi, kabla ya uji, kabla mtu hajaweka kitu chochote kinywani, Butoyi alikamua kwa mkono wake mwenyewe, nikamimina kibuyuni, nikampelekea Baba Kulwa kitandani, nikapiga magoti.

Akakinusa, akafumba macho. Akauliza, "Jana nilikula mahalage saa ngapi?"

"Mchana, baba. Siku imeshapita."

Akanywa mpaka mwisho.